Maktaba ikifungua blogu, nani atajibu komenti?

Mwaka 2014 nilifungua blogu ya maktaba ya chuo fulani, jina la chuo naliacha, na posti ya kwanza ilikuwa "Karibuni wasomaji wetu", ina picha ya jengo na picha ya mkuu wa maktaba amekaa mezani anajifanya anasoma faili. Posti ya pili ilikuwa vitabu vipya. Ya tatu tangazo la kufunga Pasaka. Ya nne haipo mpaka leo. Nilipokuja kuifungua tena baada ya miaka 2 nikakuta komenti nne, tatu za waganga wa kurudisha mpenzi na mvuto wa biashara, na ya nne ya mwanafunzi anauliza kama tuna kitabu cha takwimu cha mwaka wa kwanza na kama kipo kinaazimishwa au ni cha kusomea humo humo. Miaka 2 swali limekaa hapo. Kitabu kilikuwepo, nakala tatu, rafu ya pili ukitoka mlangoni, na huyo mwanafunzi nadhani alishamaliza chuo na pengine alifeli takwimu.

Kwa hiyo huu mjadala wa maktaba kuwa na blogu, kurasa za mitandao, chati ya kumuuliza mkutubi, katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, ambayo msomaji anaandika maoni yake chini ya kitabu na mambo mengine ya namna hiyo, mimi nauingia nikiwa na hiyo aibu mfukoni. Upande mmoja wanasema maktaba ambayo haimo kwenye simu ya kijana ni kama haipo. Upande wa pili wanasema tunapoteza muda, mtu anakuja maktaba kutafuta kitabu, meza, umeme na utulivu, hajaja kulaiki kitu. Nimekaa kwenye semina za pande zote mbili, na chai ya pande zote mbili nimekunywa, na kila upande una hoja zake za kweli kabisa. Ila naona wote wanabishania chombo wakati kinachoamua ni kitu kingine, yaani msomaji akishasema, kuna chochote kinabadilika pale maktaba au alikuwa anaongea na ukuta?

Tuanze na wanaotaka, maana wana historia nzuri kuliko wenyewe wanavyoisimulia. Haya mambo yalipata jina mwaka 2005, Mmarekani mmoja anaitwa Michael Casey alianza kuyaita "Maktaba 2.0", na jina lenyewe alilitoa kwenye blogu yake. Mwaka huo huo ndio Michuzi, mpiga picha wetu wa habari, naye anaanza blogu na sisi huku tunalipia nusu saa intaneti kafe kuangalia picha zake. Wazo la Casey halikuwa blogu lakini. Alikuwa anasema maktaba iwe inajipima na kujibadilisha kila mara kwa kuwasikiliza wanaoitumia na hata wale ambao hawajawahi kuvuka mlango wake, na blogu ni njia mojawapo tu ya kuwasikia. Watu wakasikia "blogu", wakakimbia nalo.

Mwaka uliofuata, 2006, kwenye maktaba za umma za Charlotte kule North Carolina, Helene Blowers akatengeneza mafunzo yakaitwa "Vitu 23". Sasa angalia alivyoanza, hakuanza na wasomaji, alianza na wafanyakazi. Kila mtu wa maktaba afungue blogu yake, aweke picha mtandaoni, ajaribu tagi, yale maneno mafupi unayobandika kwenye kitu kipatikane kirahisi, asikilize podikasti, kitu kimoja baada ya kingine kwa muda wake mwenyewe, na ukimaliza vyote 23 unapewa kimashine cha kusikilizia muziki cha MP3, ambacho kwa wakati ule kilikuwa si zawadi ya kubeza. Mafunzo yale yakaigwa nchi nyingi tu. Kwetu tunaanza na uzinduzi. Kitambaa, mgeni rasmi, tovuti inabonyezwa watu wanapiga makofi, halafu kesho yake yule dada wa kaunta anaulizwa na mwanafunzi paswedi ya kuingilia na yeye ndio kwanza anasikia kwamba kuna kitu cha kuingilia.

Mfano ambao huwa unanivutia ni Ann Arbor, mji wa chuo kikuu kule Michigan. Maktaba yao mwaka 2005 ilibadilisha tovuti yote ikawa kama blogu nyingi zimekaa pamoja, watu wanakomenti, na mkurugenzi naye ana blogu yake anayojibia malalamiko. 2007 mtaalamu wao John Blyberg akaongeza kwenye katalogi uwezo wa msomaji kutoa nyota, kuweka tagi na kuandika maoni juu ya kitabu. Kuanzia 2011 wakaja na mchezo wa likizo ya kiangazi, unapata pointi kwa kusoma, kwa kukomenti, kwa kutafuta herufi za siri zilizofichwa kwenye matawi ya maktaba. Inapendeza sana. Lakini ile maktaba inaendeshwa na kodi ambayo wakazi wenyewe waliipigia kura, na watu wa kuandika programu imewaajiri yenyewe wanakaa humo humo ndani. Maktaba nyingi ninazozijua hapa mtu wa IT ni mmoja, na ukimtafuta utaambiwa yuko uhasibu, printa imegoma.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Januari 2008 walichukua picha kama 3,000 za zamani wakazipandisha Flickr, sehemu ambayo watu wa kawaida walikuwa wanaweka picha za harusi na za paka. Nyingine zilikuwa picha za wakala wa habari wa miaka ya 1910, nyingine za rangi za miaka ya 1930 mwishoni na 1940. Wakawaambia watu, haya, semeni mnachokijua. Kufikia Oktoba mwaka huo, kwa ripoti yao wenyewe, picha zilikuwa zimeongezwa zikafika 4,615, zimeangaliwa mara milioni 10.4, komenti 7,166, tagi 67,176. Na komenti na tagi walizolazimika kuzifuta kwa utovu wa adabu hazikufika 25! Nakumbuka mara ya kwanza kusoma hiyo ripoti nikarudia hiyo sentensi, maana sisi hofu yetu ya kwanza kwenye kila kikao ni "watatutukana".

Ila namba ninayoipenda kwenye ripoti ile ni nyingine kabisa. Zaidi ya rekodi 500 za katalogi ya maktaba yenyewe zilirekebishwa kutokana na walichosema watu wa Flickr. Yaani mtu amekaa nyumbani kwake anatambua lile jengo, au anasema huyo mliyemwandika hivi jina lake hivi, anaweka na ushahidi wa gazeti la siku ile, mkutubi anakagua, anathibitisha, anaingia kwenye katalogi anabadilisha. Hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa na maana. Aliyekomenti akirudi anaikuta alama yake kwenye kumbukumbu ya taifa, na hakuna laiki inayoweza kushindana na hilo.

Na kwa wale wanaokatishwa tamaa na ukimya wa watu, hebu tupige hesabu ndogo. Milioni 10.4 kuangalia, waliokomenti ni akaunti 2,562. Hiyo ni kama mtu mmoja anayefungua mdomo kwa kila mara elfu nne picha inapoangaliwa. Wengine wote walipiga chabo wakaenda zao. Sasa wewe umefungua blogu ya maktaba ya wilaya, imeangaliwa mara 300, hakuna aliyekomenti, unasema watu wetu hawapendi kusoma. Kwa hesabu ile ulitakiwa usubiri sana ndugu yangu.

Australia nao walifanya kitu cha namna hiyo kwa magazeti. Maktaba ya Taifa iliyapiga picha magazeti ya zamani, komputa ikayasoma na kugeuza ile picha kuwa maandishi, na komputa ikisoma wino uliofifia inaandika vitu vya ajabu, "m" inakuwa "rn", jina la mtu linakuwa matusi. Kuanzia 2008 wakaruhusu msomaji yeyote arekebishe mstari anaouona umekosewa. Hakuna fomu, hakuna barua kwa mkurugenzi. Unaona kosa, unasahihisha, na anayefuata akitafuta lile jina analipata. Huduma yenyewe baadaye ikaitwa Trove, na mistari iliyorekebishwa na watu wa bure imeshafika mamia ya mamilioni. Wengi wanatafuta habari za babu zao, wakiwa wanamtafuta babu wanarekebisha na mstari wa jirani yake.

Mi kila nikiwaza Trove nawaza Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na mengine ya Kiswahili ya kabla ya hapo. Fikiria komputa iliyofundishwa Kiingereza inasoma "ng'ombe" kwenye karatasi iliyoliwa na mchwa. Halafu fikiria kuna mzee Tanga, au mjukuu wake yuko Muscat au Toronto, anayejua kabisa yule aliyeandikwa kwenye barua za wasomaji ni nani, ukoo gani, mtaa gani. Huyo mzee hatajua kuna sehemu anahitajika. Hii ndio sehemu ambayo mimi, pamoja na blogu yangu iliyokufa, bado nasimama na upande wa wanaotaka, kwa sababu maktaba zetu zina picha na makaratasi ambayo wenye kuyaelewa wanazeeka, na hao wenye kuyaelewa hawaji kaunta.

Haya, sasa wanaokataa. Nao wasikilizwe vizuri, maana mara nyingi tunawaita wazee wa kadi za katalogi tukadhani tumewajibu.

Hoja yao ya kwanza ni muda wa mtu, na hii ndio iliyoniua mimi. Programu ya blogu ni bure. Flickr ilikuwa na ya bure. Anayejibu komenti hayupo bure. Maktaba ya watu wawili, mmoja anaazimisha na kupokea, mwingine anaingiza vitabu kwenye katalogi, anafuatilia waliopitiliza muda, anawatuliza form four wanaopiga kelele, anatafuta funguo za choo. Ukimwongezea blogu umemwongezea kazi ambayo haimo kwenye kupimwa kwake mwisho wa mwaka. Atafanya wiki mbili kwa moyo, wiki ya tatu kuna ukaguzi, imeisha hiyo. Mimi sikuwa mvivu jamani, nilikuwa peke yangu.

Na hata akipatikana mwenye moyo na kipaji kuna hatari yake. Mychal Threets alikuwa mkutubi wa Solano kule California, klipu zake za kusimulia watoto na watu wazima waliokuja maktaba zilipendwa dunia nzima, watu wasiojua Solano iko wapi wakawa wanailia ile maktaba. Mwanzoni mwa 2024 akatangaza anaacha kazi akaiangalie afya yake ya akili. Baadaye alipata kazi nyingine nzuri ya kuhamasisha usomaji na namfurahia, ila nawaza ile maktaba iliyobaki. Sauti ilikuwa ya mtu, na mtu akiondoka anaondoka nayo.

Hoja ya pili ni kwamba vyombo vyenyewe vinakufa. Wakutubi walioanza mapema wanakumbuka Meebo, kile kiboksi cha chati ambacho maktaba nyingi za Marekani zilikiweka kwenye tovuti msomaji aulize swali hapo hapo. Google ikainunua Meebo 2012 na mwaka huo huo kiboksi kikazimwa. Google Reader iliyokuwa inawaletea watu posti mpya za blogu ikazimwa 2013. Google+ ikafuata 2019. Kila mara maktaba inakusanya wasomaji wake kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba anabomoa. Na kwetu Tanzania kuna mwenye nyumba wa juu ya mwenye nyumba, Mei 2025 mtandao wa X, ile Twitter ya zamani, ukafungiwa, kama ulikuwa unatangazia wasomaji wako huko basi pole.

Hapo hapo kuna suala la sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu Tanzania wajisajili na walipe, ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka ilikuwa inapita milioni 2, na Juni mwaka huo hata JamiiForums, lile jukwaa kubwa la mijadala, ikabidi izimwe kwa muda. Kanuni zimeshabadilishwa tangu hapo. Sisemi zililenga maktaba, ila hebu jiweke kwenye kiti cha bosi wa maktaba ya umma anayeletewa dokezo "tunaomba kufungua blogu ambayo wananchi wataandika maoni yao". Atasaini? Ataliweka chini ya mafaili mpaka astaafu.

Sasa hii hoja ya vyombo kufa ina kisa kimoja kinachoigeuza juu chini. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, ile kubwa ya London, ilivamiwa na wezi wa mtandao wanaojiita Rhysida. Wakafunga mifumo, wakataka bitcoin 20, maktaba ikakataa kulipa, wakamwaga data karibu gigabaiti 600. Tovuti chini, katalogi chini, watafiti wanakaa kwenye chumba cha kusomea kama wageni wa msiba. Katalogi kuu ilirudi Januari 15, 2024 na hapo ni ya kutafutia tu. Lakini blogu zao zilikuwa zinakaa kwa kampuni nyingine, Typepad, hazikuwa ndani ya nyumba iliyovunjwa. Kwa hiyo ile blogu ambayo wengine wangeiita pambo ndiyo ikawa mdomo wa maktaba, mkurugenzi anaandika humo hali ilivyo, nini kimerudi, nini bado. Nyumba ya kupanga ikaokoa. Na Typepad yenyewe? Septemba 30, 2025 ikafunga milango moja kwa moja. Ndio maana nikisikia mtu anasema "tuweke kila kitu kwetu" au "tuweke kila kitu kwao" nanyamaza tu, nauliza nakala iko wapi.

Hoja ya tatu inanigusa zaidi kuliko zote na haizungumzwi vya kutosha, siri ya msomaji. Mkutubi aliyefundishwa kazi anajua humwambii mtu fulani kaazima nini. Binti kaazima kitabu cha uzazi, jamaa kaazima cha kuacha pombe, mwanafunzi anasoma dini isiyo ya baba yake, hayo yanabaki kwenye kaunta. Sasa tunamwambia huyo huyo msomaji "komenti chini ya kitabu ulichosoma" kwa akaunti ya Facebook yenye jina lake na picha ya shangazi yake. Mwaka 2019 chama cha wakutubi wa Marekani kilipinga mpango wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, wa kumlazimisha msomaji wa maktaba afungue wasifu wake kwanza ndipo aingie kwenye masomo ambayo maktaba imeshayalipia, na nadhani walikuwa sahihi kabisa. Kenya sheria ya kulinda data ipo tangu 2019, Tanzania ya kwetu ni ya 2022 ikaanza kazi Mei 2023. Sheria zipo. Tabia bado.

Na hapa lazima niongelee WhatsApp, maana huko Ulaya wanajadili blogu ila huku kwetu maktaba "kuingia mtandaoni" kwa vitendo ni grupu la WhatsApp. Bando la blogu mtu hana, la WhatsApp analo. Nimekuwa kwenye magrupu ya wasomaji matatu na nitakwambia yanavyokwenda. Wiki ya kwanza ni vitabu. Ya pili ni "asubuhi njema" yenye picha ya maua na kikombe cha kahawa. Ya tatu mtu kafiwa, inaanza michango, na huwezi kumwambia mtu aliyefiwa hili ni grupu la vitabu. Ya nne siasa, admini anafunga, wanabaki admini wanaongea peke yao. Hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni kwamba kila aliyemo anaona namba ya kila mtu, na dada mmoja aliniambia aliuliza tu saa ngapi maktaba inafungwa Jumamosi, usiku akapata meseji tatu za "mambo mrembo" kwa watu asiowajua. Akajitoa. Huyo ni msomaji tumempoteza kwa kumkaribisha.

Kuna chaneli za WhatsApp siku hizi, toka 2023, anayefuata namba yake haionekani kwa wafuasi wenzake. Salama zaidi. Ila kwenye chaneli msomaji hasemi mengi, mara nyingi anaweka emoji ya moto au anapiga kura ya ndiyo na hapana, ni kama tumerudi kwenye ubao wa matangazo. Ukitaka waongee unawaanika, ukiwalinda wananyamaza, na kati ya hayo mawili mimi kwa maktaba ningechagua kuwalinda, halafu nikatafuta sehemu nyingine ya kuwasikia.

Na hiyo sehemu nyingine tunayo tayari, hatujaiwasha tu. Maktaba kibao za vyuo huku kwetu zinatumia Koha, programu ya bure ya kuendeshea maktaba iliyoanzia maktaba moja ya New Zealand, imeanza kazi mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Koha ndani yake ina sehemu ya msomaji kuandika maoni kuhusu kitabu, na mkutubi anayaona kwanza kabla hayajatokea. Ina tagi. Ina sehemu ya msomaji kupendekeza kitabu kinunuliwe, na akirudi anaona pendekezo lake limefikia wapi, limekubaliwa, limekataliwa, limeagizwa, limefika. Hii ya mapendekezo kwangu inashinda blogu zote. Haina mbwembwe, haina wafuasi, huwezi kuipigia picha ya uzinduzi, ila mwanafunzi aliyependekeza kitabu cha ufugaji wa samaki kikaja kikawa rafuni atawaleta wenzake watano bila tangazo. Ni lile daftari la maoni la zamani lililofungwa na kamba na kalamu isiyoandika, tofauti ni kwamba hili linajibu. Kama mtu analijibu.

Wanaokataa wana neno lao moja la mwisho ambalo sina namna ya kulikwepa. Yule mzee anayekuja kila siku saa tatu kusoma gazeti, wale watoto wa shule wanaokuja sababu nyumbani kuna chumba kimoja na redio, hao hawahitaji maktaba ya mtandaoni, wanahitaji viti na feni inayozunguka. Shilingi ikiwa moja, iende kwenye kiti. Nakubali. Na Wakenya walishatuonyesha kwamba kumfuata msomaji alipo hakuhitaji intaneti, 1996 walianza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa kwa sababu wafugaji wanahama, na ngamia anafika. Ila ngamia naye ana mchungaji wake, na ratiba, na mtu wa kumpa maji. Blogu yangu haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Mwaka jana bosi mmoja wa maktaba alinipigia, kasikia niliwahi kufanya haya mambo, anataka nimfungulie blogu, Instagram na kile kiboksi cha "muulize mkutubi". Nikamwambia kufungua ni mchana mmoja, wala usinilipe, ila niambie nani atakuwa anajibu. Akafikiria kidogo. Akasema tutampa kijana wa fildi. Nikamuuliza kijana wa fildi anakaa muda gani, akasema wiki nane. Nikamuuliza na wiki ya tisa? Akacheka, akasema bwana wewe unapenda kukatisha watu tamaa, tutaona. Hatujafungua bado.